Lipia kipimo kabla ya mbao

Ukitembea Keko, Dar es Salaam, au kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, utaona namna kabati la jikoni linavyoagizwa. Mteja anatoa simu, anaonyesha picha. Fundi anaitazama, anauliza ukuta una mita ngapi, anapiga hesabu kichwani, anataja bei. Wanavutana kidogo, wanakubaliana, mteja anatoa advansi ya nusu ya fedha au zaidi, fundi anakwenda kununua vifaa. Katikati ya hayo kuna safari moja ya fundi kwenda nyumbani kwa mteja na futi kamba. Anapima kwa dakika kumi, anaandika tarakimu tano au sita nyuma ya risiti, anaondoka. Safari hiyo haina bei. Mteja anaiona kama adabu ya kazi, fundi anaiona kama gharama ya kumpata mteja, na wote wawili wana haraka ya kuimaliza. Nadhani ugomvi wetu na maseremala unazaliwa hapo, wiki nyingi kabla ya mlango wa kabati kugoma kufunga. Hoja yangu ni kwamba anayetaka kabati la kutengenezewa amlipe fundi kwanza kwa kupima na kuchora, malipo ya pekee, kabla ubao hata mmoja haujanunuliwa.

Tuangalie kinachonunuliwa hasa. Bodi ya milimita 18 anayokata fundi wa mtaani haina tofauti kubwa na ile iliyo ndani ya kabati la dukani. Bawaba na reli za droo huenda zimetoka duka moja. Kinacholifanya kabati liwe la kutengenezewa ni kwamba limekatwa kwa ukuta wako, kimo chako na vyombo vyako. Ukiondoa kipimo, umebaki na kabati la dukani lililochelewa. Na kuta zetu zinahitaji kupimwa kwa makini. Pembe ya chumba ikipotoka kwa nyuzi moja tu, upotofu ambao jicho halitauona, mwisho wa ukuta wa mita 3 utakuwa umekwenda pembeni kwa zaidi ya sentimita 5. Kwenye kina cha kabati la chini, yaani sentimita 60, upotofu huohuo unaacha pengo la sentimita 1 nyuma ya kaunta, na maji ya sinki yatalipata. Fundi aliyepima ukuta mara moja, usawa wa kifua chake, hana namna ya kulijua hilo. Analijua aliyepima chini, usawa wa kaunta na juu, akapima chumba kutoka kona hadi kona, akaweka pimamaji sakafuni na ukutani. Kazi hiyo haimaliziki kwa dakika kumi.

Halafu kuna suala la siku ya kupima. Plasta huongeza kiasi cha milimita 12 hadi 15 kwenye kila ukuta, na kigae pamoja na gundi yake huongeza tena kama hivyo. Nafasi kati ya kuta mbili iliyopimwa wakati wa tofali tupu itakuja kupungua kwa sentimita 4 hadi 6. Sakafu nayo hupanda, na bomba la sinki ambalo lilionekana liko mahali pake hujikuta nyuma ya droo. Wenye nyumba wengi huita seremala mapema kwa sababu wanataka kujua bei, na vipimo vya siku ile ya kuulizia bei ndivyo vinavyokwenda kukatiwa mbao. Fundi anayelipwa kwa upimaji ana sababu ya kurudi mara ya pili baada ya vigae. Asiyelipwa atatumia alichonacho, kwa kuwa kila safari ya daladala au bodaboda ni hasara yake.

Ushahidi mwingine umo kwenye ile desturi ya bei kwa mita. Inapendwa kwa sababu ni rahisi kuelewa: ukuta mita 4, zidisha kwa bei ya mita, basi. Lakini mita moja ya kabati inaweza kuwa sanduku lenye milango miwili na rafu moja ndani, na inaweza pia kuwa droo nne. Droo moja ni sanduku lake lenyewe, lenye mbavu mbili, uso, mgongo na kitako, na inahitaji reli mbili zilizofungwa sambamba kabisa, la sivyo itakwama. Kuna kazi mara nyingi zaidi katika mita ya pili kuliko ya kwanza. Bei ikiwa moja, fundi atavuta kazi kuelekea milango, na akilazimishwa kutengeneza droo atatafuta reli za bei ya chini kabisa. Sioni hila hapo. Fundi anajaribu kutokula hasara ndani ya bei iliyotajwa kabla ya kazi kujulikana. Mteja naye, siku ya kufungiwa, anaona reli zinalia na anasema ameibiwa. Wote wawili wamenaswa na namba iliyotamkwa mapema mno.

Mchoro hubadili hesabu hiyo kwa namna inayoweza kuonekana kwenye karatasi. Bodi nzima, ile tunayoiita nane kwa nne, ina milimita 2440 kwa 1220. Ubavu wa kabati ukiwa na kina cha milimita 600, vipande viwili vinatoka kwenye upana wa bodi na nafasi ya msumeno inabaki. Mteja akisema anataka kina cha milimita 620, kwa sababu tu picha aliyoiona inavutia, kipande kimoja ndicho kinachotoka, na kinachobaki hakitoshi kuwa ubavu mwingine. Labda kitakuwa rafu, labda kitaishia kwenye rundo la mabaki. Sentimita 2 zimekula karibu nusu ya bodi. Fundi mwenye mchoro na orodha ya vipande vya kukata ataliona jambo hilo akiwa na penseli mkononi, atamwambia mteja, na mteja ataamua kama sentimita hizo zina thamani kwake. Fundi asiye na mchoro ataligundua akiwa mbele ya mashine ya kupasulia, fedha ya bodi imekwisha, na hapo ndipo tunaposikia ile simu ya kuomba kuongezewa hela ya vifaa, ambayo wateja huichukulia kuwa utapeli.

Kwangu, hata hivyo, sababu iliyo kubwa kuliko zote ni ya jiko lenyewe. Picha tunazowaonyesha mafundi zina asili yake. Jiko la makabati yaliyopangwa ukutani, kaunta moja ndefu, kila kitu kikifikiwa kwa hatua chache, lina deni kwa jiko la Frankfurt lililochorwa na mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926. Alichunguza hatua na mikono ya mpishi, akaangalia hata majiko ya mabehewa ya treni, ndipo akachora jiko la takriban mita 1.9 kwa 3.4, na nyumba zipatazo 10,000 zikawekewa. Mradi huo wa nyumba uliongozwa na Ernst May, yuleyule aliyehamia Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi na kuacha majengo hadi Moshi na Mombasa. Jambo la kukumbuka ni kwamba jiko lile lilichorwa baada ya kupima kazi ya wapishi wa mahali fulani. Sisi tumechukua umbo lake tukaacha kazi ya kupima. Kwa hiyo tunapata makabati mazuri ya kutazama yasiyo na nafasi ya sufuria ya pilau ya wageni arobaini, mbuzi ya nazi, kinu na mchi, ndoo ya unga, wala madumu ya lita 20 ambayo familia nyingi huweka akiba maji yanapokatika.

Vitu hivyo vina vipimo na uzito. Dumu la lita 20 likijaa lina zaidi ya kilo 20, na madumu manne yakipangwa kwenye rafu moja ya chipbodi yataipinda. Kanuni ya kupinda ni kali: rafu ikiongezwa urefu mara mbili kati ya nguzo zake, huku kila sentimita ikibeba uzito uleule, hushuka katikati mara 16. Nguzo moja ya katikati, ambayo ni kipande kidogo cha bodi, huokoa rafu nzima, lakini hakuna atakayeiweka kama hakuna aliyeuliza rafu itabeba nini. Mtungi wa gesi wa kilo 15 unaotumika Tanzania, au wa kilo 13 ule wa Kenya, hauingii kila mahali, na ukifichwa ndani ya kabati lazima pawe na matundu ya hewa chini, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Kimo cha kaunta kinatajwa kuwa sentimita 85 hadi 90 kana kwamba wapishi wote wana kimo kimoja. Mwenye kupika, ambaye mara nyingi si yule anayelipa wala anayezungumza na fundi, anapaswa kusimama mbele ya futi kamba, akunje mkono, usemi wake usikike. Upimaji wa kulipiwa huanza na mazungumzo hayo. Haya ni maswali ya saa nzima, na fundi hawezi kuyauliza kwa hisani.

Mbao zenyewe nazo zinadai muda. Paini iliyopasuliwa karibuni, kutoka Sao Hill kule Mufindi au mashamba ya Njombe, inaweza kubeba maji yenye uzito kuliko ubao wenyewe ukikauka. Ukiwa ndani ya nyumba ya pwani, ubao hutulia ukiwa na unyevu wa karibu asilimia 14 au 15, na Dodoma hutulia chini ya hapo. Katika safari hiyo ya kukauka ubao husinyaa kwa upana, karibu haupungui kabisa kwa urefu: wenye upana wa sentimita 20 unaweza kupoteza milimita 5 au zaidi. Ndiyo maana mlango uliokaa sawasawa siku ya kufungwa unaonyesha ufa baada ya miezi mitatu. Mninga na msaji hutulia vizuri zaidi, lakini hata hizo hazisamehe zikifungwa mbichi. Kwa utaratibu wetu wa sasa, advansi inaingia leo, mteja anataka kazi wiki ijayo, fundi ananunua mbao kesho na kuranda keshokutwa. Mchoro ukitangulia, idadi ya mbao za milango na fremu inajulikana mapema, zinaweza kununuliwa hizo tu, zikapangwa kivulini kwa vijiti katikati, zikapumua wiki kadhaa wakati mafundi wa vigae wakimalizia kazi yao.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba hali ya mtu wa kawaida hairuhusu. Mchoro ni anasa ya wenye wasanifu. Tuseme kazi ni ya shilingi milioni 4 za Tanzania, na fundi anadai 150,000 kwa kupima, kuchora na kuandika orodha ya vifaa. Hiyo haifiki asilimia 4 ya gharama, na inaweza kukatwa kwenye bei ya mwisho endapo fundi huyohuyo atapewa kazi. Bodi mbili zilizokatwa vibaya zinaweza kuimaliza fedha hiyo. Zaidi ya hayo, mwenye uwezo ndiye anayeweza kuvunja kabati baya na kuagiza lingine. Mwalimu au mfanyabiashara mdogo aliyejinyima miaka miwili apate jiko analijenga mara moja tu, na kosa la sentimita 3 ataishi nalo hadi watoto waondoke nyumbani. Rahisi huvunja upishi, na hapa huuvunja kwa maana yake halisi.

La pili ni la wenye makovu: fundi atachukua fedha ya mchoro na kutoweka. Inawezekana. Lakini wateja haohao hutoa nusu ya bei nzima kwa mtu wasiyewahi kuona kazi yake ya mkono, wakisubiri wiki nzima kujua kama wamekosea. Malipo ya mchoro ni kiasi kidogo kuliko vyote kinachoweza kupotea, na ndiyo njia nafuu ya kumjua fundi. Akichelewa kuleta karatasi, atachelewa kuleta kabati. Akiandika vipimo visivyojumlika, atakata mbao zisizokutana. Akiuliza swali ambalo hukulifikiria, kwa mfano friji inafunguka upande gani, umempata mtu. Na mambo yakiharibika kabisa, karatasi iliyosainiwa na pande mbili ina uzito ambao maneno ya mdomo hayana. Sheria inatambua makubaliano ya mdomo, shida ni kuyathibitisha. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na hakimu wake atataka kuonyeshwa mlikubaliana nini. Picha ya jiko la Ulaya kwenye simu haitamwambia lolote.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya tatu, na inatoka kwa watu wanaowapenda mafundi. Wanasema maseremala wetu wengi hawakufundishwa kuchora. Walijifunza kwa kukaa karibu na fundi mkubwa, kushika msasa, kisha randa, kisha patasi, na ujuzi wao umo kichwani na kwenye vidole. Kudai mchoro, wanasema, ni kuwatupa nje watu hawa na kuwapa kazi vijana wa kompyuta. Sikubali kwamba hilo ni lazima litokee. Mchoro ninaouzungumzia ni wa penseli: kabati likitazamwa kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni, vipimo vikiandikwa kwa milimita. Fundi asiyetaka karatasi anaweza kutumia fito ndefu mbili, akazisimamisha ukutani na kuzilaza, akatia alama mahali pa kila rafu, droo na bomba, kisha mteja akaziona alama hizo na kuzikubali. Fito hizo nazo ni mchoro. Tatizo la ujuzi wa kichwani ni kwamba hauhamishiki. Anayekata bodi mara nyingi ni kijana wa karakana na wala si fundi aliyekuja kupima, na anakata kwa alichoelekezwa kwa mdomo huku mashine ikinguruma. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, hufundisha uchoraji katika fani ya useremala, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua waliopata ufundi nje ya darasa. Fundi atakuwa na sababu ya kwenda huko siku atakapoona mchoro unamwingizia fedha. Kwa sasa haumwingizii hata senti, na tunashangaa kwa nini hajifunzi.

Wapo pia watakaosema suluhisho ni kununua makabati ya kiwandani na kuachana na usumbufu huu. Kwa mpangaji anayehama kila baada ya mwaka, au kwa kabati la nguo la kusimama peke yake, wana haki kabisa. Sina sababu ya kumtetea fundi mahali ambapo kipimo hakina kazi. Jiko ni habari nyingine, kwa sababu hizohizo za pembe, mabomba na sufuria. Na anayesema mteja atabadili mawazo hata akiwa na mchoro anasema kweli, ila kubadili mawazo kwenye karatasi hugharimu kifutio.

Pingamizi lililobaki ni la mafundi wenyewe, nalo ni zito kwao kuliko yote niliyoyataja: mteja akishalipia mchoro ataondoka nao, aupeleke kwa jirani anayetoza kidogo. Ndiyo, ataweza, na inapaswa aweze, kwa kuwa ameununua. Tofauti na leo ni kwamba fundi wa kwanza atakuwa amelipwa kwa siku yake, wakati sasa anapimia watu watano bure na kupata kazi kwa mmoja, kisha gharama ya wale wanne inafichwa kwenye bei ya huyo mmoja. Jirani naye akipewa mchoro ule atataja bei ya kitu kilekile: droo zilezile, bodi ya unene uleule, bawaba za aina ileile. Akisema kidogo, atalazimika kuonyesha amepunguza wapi. Kwa bei ya mita hakuna awezaye kumuuliza hivyo. Mafundi wazuri wa Keko wamekuwa wakishindwa na bei za watu wanaoweka chipbodi palipotakiwa plaiwudi, chini ya sinki, mahali mteja hachungulii hadi bodi imeshavimba. Karatasi yenye neno plaiwudi na saini mbili chini yake ingewapa pa kusimama.